Shaba ya Peute, Joto la Ng'ambo

Mto Elbe ukikaribia katikati ya Hamburg hugawanyika mikono miwili, na baina ya mikono hiyo kuna visiwa ambavyo wageni wengi huviona kupitia dirisha la treni tu. Veddel ni kimojawapo. Upande wake wa mashariki, mahali panapoitwa Peute, ndipo kilipo kiwanda cha shaba cha Aurubis, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1866 kwa jina la Norddeutsche Affinerie. Nilikwenda huko Januari, upepo wa mtoni ukikata masikio, kwa sababu moja: nilikuwa nimesikia kwamba joto ambalo zamani kiwanda hicho kilikuwa kikilimwaga mtoni sasa linavuka kwenda ng'ambo kupasha nyumba za watu, na nilitaka kukanyaga njia linayopita.

Mwenyeji wangu alikuwa mtoto wa kaka yangu, kijana wa Tanga anayesomea uhandisi katika chuo kikuu cha ufundi kilichoko Harburg, kusini mwa mto. Baba yake alifanya kazi miaka mingi kwenye tanuri la saruji kule Pongwe. Nyumbani kwao habari za joto hazikuwa ngeni. Zilirudi na baba kila alipotoka zamu, shati limeganda chumvi ya jasho.

“Shangazi, kule kwetu joto lilikuwa adui wa baba,” aliniambia tukiwa kwenye treni. “Hapa wanaliuza.”

Tulishuka stesheni ya Veddel. Ni mtaa wa nyumba za matofali mekundu, nyingi zikiwa za miaka ya 1920, na wakazi wake wametoka kila pembe ya dunia. Karibu na stesheni kuna BallinStadt, makumbusho yaliyojengwa pale walipokuwa wakilazwa wahamiaji wa Ulaya kabla ya kupanda meli za kwenda Marekani. Hatukuingia. Kijana alitaka tufike Peute mapema, mwanga wa Januari huwahi kukatika, nasi tukashika njia ya viwandani, malori yakitupita, mpaka majengo ya kiwanda yalipojitokeza: mabomba manene, minara, mvuke mweupe unaopanda taratibu kwa sababu ya baridi.

Ndani hatukuingia. Lakini kijana alikuwa amekisoma kiwanda hiki vizuri, na tuliposimama kwenye uzio alinieleza kwa mikono miwili kana kwamba anachora ubaoni. Kinachofika hapa kwa meli ni makinikia ya shaba, mengi yakitoka Amerika Kusini. Ni mchanga wa madini wa aina ile ile uliozuiwa kusafirishwa kutoka Tanzania mwaka 2017, makontena yakajaa bandarini Dar es Salaam. Katika makinikia shaba huwa takriban theluthi moja. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni chuma na salfa, na salfa ndiyo yenye kisa.

Makinikia yakipulizwa ndani ya tanuri pamoja na hewa iliyoongezwa oksijeni, salfa yenyewe huwaka. Joto la tanuri hupita nyuzi 1,200, na sehemu kubwa yake hutoka ndani ya madini hayo hayo wala si katika makaa au gesi. Moshi unaotoka hapo umejaa dioksidi ya salfa, gesi inayochoma mapafu na kuleta mvua ya asidi. Kuiachia hewani ni kuua miti na kuumiza watu, kama ilivyokuwa karibu na viwanda vingi vya shaba duniani. Kwa hiyo gesi husafishwa, hupitishwa kwenye kichocheo chenye vanadi, huongezewa oksijeni nyingine, kisha hunyweshwa ndani ya asidi na kuwa asidi ya salfa, ambayo huuzwa kwa watengenezaji wa mbolea na kemikali. Kila hatua katika safari hiyo hutoa joto. Hilo la kunyweshwa kwenye asidi ndilo linalopelekwa mjini.

Kwa miaka mingi joto hilo lilihesabiwa kuwa kero. Lilipozwa kwa maji ya Elbe, mto ukalibeba kwenda baharini. Hakuna aliyekosa akili. Tatizo lilikuwa daraja la joto lenyewe. Kiasi kikubwa cha joto hafifu hakimsaidii mtu ambaye bomba la nyumbani kwake linataka maji ya karibu nyuzi 90. Ili kufika hapo ilibidi asidi iachwe izunguke ikiwa ya moto zaidi kuliko zamani, na asidi ya moto hula vyuma. Ilihitaji mitambo ya aloi maalumu, na vibadilishajoto ambavyo asidi hupita upande mmoja na maji safi upande wa pili bila kugusana kamwe. Nilimwuliza kijana itakuwaje ukuta huo ukitoboka. Akasema ndiyo sababu kuna vipimo vinavyoyachunguza maji bila kupumzika, na ndiyo sababu maji ya kiwandani hayaendi moja kwa moja kwenye nyumba za watu. Huwa kuna mzunguko mwingine katikati.

Kazi ilianza rasmi vuli ya mwaka 2018. Bomba la kilomita 3.7, sehemu likiwa ndani ya kiwanda na sehemu nyingine likiwa nje, lilianza kupeleka joto hadi HafenCity Mashariki, mtaa mpya uliojengwa juu ya ardhi ya bandari ya zamani. Makadirio yalikuwa kilowati-saa milioni 160 kwa mwaka, robo yake ikitumiwa na kiwanda chenyewe badala ya gesi na robo tatu zikienda mjini. Huo ulikuwa mkondo mmoja tu wa kiwanda cha asidi. Mikondo mingine ikafuata, na kuanzia msimu wa baridi wa 2024/2025 joto zaidi likaanza kuingizwa kwenye mtandao mkuu wa jiji, kiasi kilichokadiriwa kutosha nyumba nyingine 20,000.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Mtu wa pwani yetu akisikia nishati hufikiria taa, feni, friji na pasi. Ujerumani zaidi ya nusu ya nishati yote inayotumiwa huishia kuwa joto au ubaridi, na kwa miongo mingi joto la nyumba za Hamburg lilitegemea sana makaa ya mawe yaliyochomwa kwenye mitambo ya Wedel na Tiefstack. Kila nyumba inayopashwa na salfa ya Peute ni nyumba ambayo makaa yake yamebaki ardhini. Maji yanayopanda ukingo wa Pangani na kumeza ufukwe wa Bagamoyo hayaulizi makaa yalichomwa nchi gani, nami sioni aibu kusema nilifurahi kuliona lile bomba kama ninavyofurahi kuona mti uliopandwa kwenye shamba la jirani yangu.

Tulivuka mto kwa treni hadi stesheni ya Elbbrücken, ambayo paa lake ni la chuma na vioo. HafenCity ni mtaa wa majengo marefu, mapana, vioo vingi, upepo mwingi. Mitaa na viwanja vyake vingi vimepewa majina ya miji rafiki na miji ya ng'ambo, na kimojawapo kinaitwa Dar-es-Salaam-Platz, kwa kuwa Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010. Mtoto wa kaka yangu alisisitiza tufike hapo tupige picha. Tukapiga, tukaendelea.

Nilichotafuta HafenCity hakionekani. Bomba limefukiwa. Vipashajoto vya chuma vimejificha nyuma ya mapazia, mtu anaingia nyumbani, anavua koti, anakaa na fulana, wala hajui kwamba ujoto ule ulianza kama salfa iliyowaka ng'ambo ya mto. Tuliingia kwenye mkahawa mmoja kunywa chai. Nilimwuliza mhudumu kama anajua joto la jengo lile linatoka wapi. Akaonyesha kwa kidole kidhibiti kilicho ukutani. Ni jibu la kweli kabisa kwa mtu anayelipa bili.

Ila swali la bili ndilo lililotuweka pale mpaka chai ikapoa. Umeme unaweza kuuzwa mbali, waya hauchoki. Joto huchoka. Kila kilomita ya bomba ni gharama ya kuchimba na ni joto linalovuja. Kwa hiyo tanuri, hata liwe kubwa namna gani, thamani ya joto lake inategemea nani anaishi jirani. Peute ilikuwa na bahati ya kuwa na mtaa mpya unaojengwa karibu, ambao ungeweza kuwekewa mabomba kabla ya sakafu kumwagwa. Lakini jirani naye lazima akubaliane nawe mambo mazito: nani atalipia bomba, joto litagharimu kiasi gani miaka ishirini ijayo, na nani atapasha nyumba siku kiwanda kitakapozimwa kwa ukarabati. HafenCity Mashariki mkataba ulifungwa na enercity, kampuni ya nishati ya mji wa Hannover, ambayo inaendesha mtandao wa mtaa huo na kuweka boila za akiba. Mtandao mkuu wa Hamburg uko mikononi mwa jiji lenyewe, na hilo lina historia yake: Septemba 2013 wakazi walipiga kura ya maoni kuamua kama jiji linunue tena mitandao yake ya nishati, na waliosema ndiyo walishinda kwa tofauti ndogo sana, asilimia 50.9. Mtandao wa joto ulirudi kwa jiji mwaka 2019. Mimi naamini bila kura ile mazungumzo na kiwanda cha shaba yangekuwa magumu zaidi, maana mwenye mtambo wa makaa hana haraka ya kununua joto la mwingine.

Sikuondoka na sifa tupu. Kiwanda kinachouza joto lake kinaweza kusahau kazi ya kwanza, ambayo ni kupoteza kidogo. Na mji unaotegemea tanuri moja hujifunga na bahati ya tanuri hilo. Kijana alikubali la pili, la kwanza akalipinga vikali; alisema salfa itawaka tu hata wafanye nini, na joto la kemia haliwezi kubanwa kama taa iliyosahauliwa. Kwa shaba ana haki. Kwa chuma na kioo bado nina mashaka.

Kilichonisumbua zaidi ni majira. Shaba huyeyushwa Julai sawasawa na Januari, lakini Julai hakuna anayetaka kipashajoto kiwake. Usiku mahitaji ni tofauti na asubuhi. Tanuri halimngoji mtu aamke aoge. Basi baada ya jirani, joto linahitaji ghala.

Ghala nililotaka kuliona liko Wilhelmsburg, kusini mwa Veddel. Basi namba 13 lilitupeleka mpaka mtaa wa Reiherstieg, na ghafla juu ya paa za nyumba likainuka jengo la zege lisilo na dirisha la maana, zito, la kutisha kidogo hata leo. Ni mnara wa kutungulia ndege uliojengwa mwaka 1943. Mabomu yalipoanguka, maelfu ya wakazi walijificha humo. Mwaka 1947 Waingereza waliulipua kwa ndani, sakafu zikaporomoka, lakini kuta zilikuwa nene mno na ganda likabaki limesimama zaidi ya miaka sitini, bila kazi, likitishia kubomoka. Katika maonyesho ya kimataifa ya ujenzi yaliyomalizika 2013, jiji liliamua kulikarabati na kulipa kazi: kituo cha nishati cha mtaa.

Tuliingia na kundi la wageni. Ndani, pale ambapo sakafu zilikuwa, limesimama tangi la chuma lenye maji lita milioni mbili. Mabamba ya jua yaliyo juu ya paa hulipasha. Mtambo wa gesi ya mimea hulipasha. Na kiwanda cha mafuta kilicho jirani hupeleka humo joto lake linalobaki. Kila chanzo kinaingiza kwa wakati wake, na mtaa unachota kwa wakati wake. Ni chupa ya chai ya mtaa mzima, yenye zege la vita kwa koti.

Hesabu yake ni rahisi, nami niliifanya nikiwa nimeegemea reli ya ngazi. Kilo moja ya maji hubeba kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja. Lita milioni mbili zikipanda nyuzi moja zimebeba kilowati-saa zipatazo 2,300. Zikipanda nyuzi arobaini, zaidi ya 90,000. Ni nyingi, lakini kwa maelfu ya nyumba kwenye baridi ya Januari ni akiba ya saa, si ya miezi. Joto la Julai haliwezi kungoja Januari ndani ya mnara huu. Unasawazisha usiku na asubuhi, wingu na jua, ukarabati mfupi wa mtambo mmoja. Na hilo si dogo: bila tangi, boila za akiba zingewaka kila alfajiri watu wote wanapooga kwa pamoja.

Juu, kwenye mita thelathini, kuna ukumbi wa mkahawa unaouzunguka mnara. Ukitazama kaskazini unaona jiji lote na minara ya makanisa. Ukitazama chini unaona mtaa ambao usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962 ulifunikwa na mafuriko. Watu 315 walikufa Hamburg, wengi wao wakiwa kisiwa hiki. Watu wa Wilhelmsburg hawahitaji kufundishwa kwamba bahari inaweza kuja nyumbani kwako.

Ghala lingine lilikuwa Altenwerder, tulikopita jioni kwa haraka. Palikuwa kijiji cha wavuvi mpaka bandari ilipopanuliwa. Wakazi wa mwisho waliondoka 1998, limebaki kanisa la Mtakatifu Gertrud peke yake kati ya miti, makontena yakiwa nyuma yake. Mwaka 2019, kwenye eneo la kiwanda cha alumini, kampuni ya Siemens Gamesa ilizindua ghala la mawe: tani 1,000 za mawe ya volkano ndani ya jengo lililofungwa vizuri, yakipashwa kwa hewa ya moto hadi nyuzi 750, yakihifadhi megawati-saa 130. Mawe yalipashwa kwa umeme, kisha joto likarudishwa kuwa umeme kwa mvuke na tabo. Yalifanya kazi. Lakini ukigeuza umeme kuwa joto na joto kuwa umeme tena unapoteza zaidi ya nusu njiani, na baadaye kampuni ikaacha kuuendeleza mradi kwa kukosa soko.

Kijana aliusikitikia. Mimi naona somo lake liko wazi zaidi kuliko masikitiko. Jiwe ni ghala zuri la joto ikiwa mteja wako anataka joto. Finland wamelielewa hilo: mji mdogo wa Pornainen umewekewa ghala la tani 2,000 za mawe laini yaliyosagwa, mabaki ya kiwanda cha kutengeneza majiko, jamii ya yale mawe ya Tabaka kule Kisii yanayochongwa vinyago. Yanapashwa umeme unapokuwa rahisi, na joto huenda nyumbani likiwa joto. Hewa ya moto ya tanuri inaweza kuingizwa kwenye mawe kama hayo bila kupitia umeme hata kidogo, kwa nyuzi ambazo maji hayawezi kuzifikia bila shinikizo kubwa.

Kwenye treni ya kurudi Harburg tulizungumza Tanga, maana hapo ndipo mawazo yetu yalipokuwa siku nzima. Klinka ya saruji huokwa kwa nyuzi 1,450, na kwenye tanuri la kawaida takriban theluthi ya joto lote hutoka na hewa ya bombani na ile inayopozea klinka. Viwanda vingi vya China na India huchemshia maji kwa hewa hiyo, huzungusha tabo na kupata sehemu nzuri ya umeme wao. Hilo Pongwe linaweza kufanyika bila mjadala mrefu. Kijana alikuwa tayari na michoro.

Nikamwuliza: umeme sawa, lakini jirani wa Tanga anataka nini? Joto la nyumba hataki, analo tele. Mvuvi anataka barafu. Mashine za ubaridi zinazoendeshwa kwa joto na amonia ni za zamani, zilikuwapo karne ya 19 kabla friji za umeme hazijaenea, na zinatosheka na joto la nyuzi mia na kitu, lile hafifu linalobaki hata baada ya tabo kula shibe yake. Tulipiga hesabu pamoja: kugandisha tani moja ya maji ya bombani kwa mashine ya namna hiyo kunataka kilowati-saa zipatazo 250 za joto, kiasi ambacho tanuri la saruji hukipoteza kwa muda mfupi sana. Na barafu ina sifa ambayo maji ya moto ya Hamburg hayana: unaipakia kwenye lori. Joto la Pongwe lisiloweza kufika soko la samaki la Deep Sea kwa bomba linaweza kufika likiwa limegeuzwa ubaridi, likaokoa samaki wanaooza kila siku ya jua kali. Ghala na safari vyote viko ndani ya kile kipande cheupe.

Kijana alinyamaza, akafungua daftari. Akaniuliza bei ya barafu sokoni sasa, nikamtajia ninayoijua. Kisha akauliza swali lililonipendeza kuliko yote aliyouliza siku ile: tanuri la saruji husimamishwa kwa ukarabati kila mwaka, wakati mwingine kwa wiki kadhaa, wavuvi watakaokuwa wamezoea barafu hiyo watapata wapi nyingine, na kwa bei ya nani? Hamburg walilijibu kwa boila za akiba na kifungu cha mkataba. Nilimwambia aanze na hilo kabla ya mchoro wa mashine, na akiandika aliweke ukurasa wa kwanza, pale ambapo wavuvi na kiwanda wote watalisoma.